Kisahani cha Ukingo Mpana

Wanaotusema vibaya huko nje hawajawahi kutuona tukipiga makofi. Wangetuona wangenyamaza. Jina la nchi yetu halitajwi bila kibali, na kwa kuwa kibali changu bado kinashughulikiwa, nitasema tu "nchi yetu", ingawa hilo nalo, kama mtakavyoona, limekuja kuwa kosa.

Mimi ni Mtazama Anga wa Serikali. Kila Siku ya Mrusho husimama juu ya kichuguu kilichozungushiwa kamba, nikafuata kwa macho kisahani cha Mtukufu kinavyopaa, kisha nikatangaza kilipoangukia. Mpaka kitue siruhusiwi kutazama kitu kingine, na kikishatua natakiwa kuyarudisha macho juu mara moja. Nimelishwa kiapo. Mambo ya chini yana watu wake walioajiriwa kuyatazama, na sijawahi kuwaonea wivu.

Kwa wasiojua mambo yalivyoanza: Mtukufu alikwenda ng'ambo kutibiwa mguu. Kupitia dirisha la hospitali akaona watu wazima, wenye ndevu zao, wakirusha visahani vya plastiki kwenye bustani yenye miti. Walikuwa wakivilenga kwenye vikapu vya chuma vyenye minyororo inayoning'inia. Kisahani kikigonga minyororo hudondokea kikapuni, na anayefika kikapuni kwa mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Mtukufu akaupenda mchezo huo hata akasahau mguu. Akaagiza shehena nzima.

Vikapu vilipofika bandarini, wanasheria wakagundua hatari yake. Mwenye kulenga kikapu anakitii kikapu, na Katiba yetu haimruhusu Mtukufu kutii kitu. Vikapu vikaachwa vipigwe mvua. Minyororo ikapelekwa gerezani, ambako ilikuwa inahitajika.

Vikabaki visahani vyenyewe. Na kwa kuwa mchezo usio na kikapu hauna mwisho, Bunge likakaa likautafutia mwisho: pale kisahani cha Mtukufu kinapoangukia, hapo ndipo ua wa Ikulu unapokomea.

Basi mara moja kwa mwaka Mtukufu husimama kwenye baraza yake ya mbele na kurusha. Uzio wa seng'enge hung'olewa na kupelekwa kilipotua. Yule ambaye kisahani kimeangukia kwake huitwa Mwenyeji wa Mwaka. Hutakiwa kukiokota, akipanguse kwa kanga safi, apige magoti, akirudishe kwa mikono miwili na kusema, "Karibu ndani, Mtukufu, nasi tunatoka." Nimeyasikia maneno hayo miaka mingi na kila mara yamenitoa machozi, ambayo sikuweza kuyafuta kwa sababu ya kiapo.

*

Mwaka jana kisahani kiliangukia kwenye mafiga ya Bi Somoe.

Bi Somoe ni mjane wa Mzee Chande, fundi cherehani aliyewahi kuwashonea nusu ya mji sare za kumpokea Mtukufu. Ana nyumba ya chumba kimoja, jiko la uani, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, lililopandwa mrehani. Baada ya Mrusho wa mwaka jana, seng'enge ikapita katikati, kati ya chumba na jiko. Akawa analala kwake na kupika kwa Mtukufu. Kila asubuhi alizunguka hadi lango kuu na sufuria yake, akapanga foleni, akapekuliwa unga kama hauna silaha, akavuka bustani ya tausi, akapika uji, kisha akarudi nao njia ileile hadi chumbani, ukiwa umeshapoa. Hakulalamika. Alikuwa akiisalimia seng'enge kama mtu anavyomsalimia mkwe.

Aliyelalamika ni Mtukufu. Mwaka mzima wa kusubiri, alisema, na anapata jiko! Miaka ya nyuma alikuwa akipata mtaa mzima. Ikaundwa tume ichunguze kwa nini mirusho imekuwa mifupi. Wajumbe waliupima upepo, wakaipima baraza, wakawahoji tausi. Mkono wa Mtukufu haukuwa miongoni mwa hadidu za rejea. Mwishowe waligundua kwamba kisahani kimezeeka.

Hapo ndipo Waziri wa Masafa, Dakta Kapilimba, alipoagiza kisahani kipya, cha masafa marefu, chenye ukingo mpana. Alikileta mbele ya Baraza la Mawaziri juu ya mto wa hariri, akasimama, akajikohoza.

"Waheshimiwa," alisema, "ukingo wa kisahani cha zamani ulikuwa mpana kama kidole kimoja. Ukingo wa hiki ni vidole viwili. Taifa limepiga hatua ya kidole kizima. Wapo watakaouliza, kwa nini upana uwe ukingoni na si katikati? Nawajibu: katikati ni kwa watu wa kawaida!"

Walipiga makofi mpaka mto wa hariri ukaanguka.

*

Kisahani cha Mtukufu hakiwezi kurushwa na Mtukufu kabla hakijajaribiwa, na hakiwezi kujaribiwa na mtu mwingine kwa kuwa ni cha Mtukufu. Waziri alilitatua jambo hilo kwa kutangaza kwamba majaribio hayajafanyika, kisha tukaenda kuyafanya kwenye uwanja wa ndege. Ndege ya abiria iliyotaka kutua ilisubirishwa angani, na kwa kweli iliniharibia mandhari.

Alichaguliwa Koplo Hinju, kijana wa kikosi cha mizinga, mrefu, mwenye mabega ya mtu anayebeba magunia kwa raha zake. Alikishika kile kisahani, akakigeuzageuza, akaukunja mkono kifuani, akajizungusha, akaachia. Jamani! Nimetazama anga miaka mingi lakini sijapata kuona kitu kama kile. Kilikwenda chini chini, kimenyooka, kikaanza kupanda, kikaelea huko juu kana kwamba hakina haraka, kikavuka njia yote ya ndege na kupotelea kwenye mashamba ya mihogo ng'ambo ya pili.

Wapimaji walihamishia umbali ule kwenye ramani. Ukianzia baraza ya Ikulu, kisahani kingepita juu ya chumba cha Bi Somoe, juu ya kaburi la Mzee Chande, juu ya soko na shule, na kuangukia wodi ya wazazi. Waziri aliishika ramani ile akalia kwa furaha.

Kisha akataka kujaribu yeye mwenyewe. Dakta Kapilimba ni mnene, laini, na mkono wake haujanyanyua kitu kizito kuliko kalamu. Alirusha kwa heshima zote. Kisahani kilitoka mkononi, kikasitasita, kikakata kushoto kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, kikajibwaga chini karibu kabisa na viatu vya mkalimani aliyeletwa kusoma maelezo ya kisahani. Alirusha tena. Kushoto tena, chini tena.

Tulitazamana. Hakuna aliyesema lile tulilokuwa tukiliwaza, kwamba kisahani kile kinataka mkono wenye kasi, na kwamba Mtukufu ametimiza umri ambao hutajwa kwa shairi tu. Waziri ndiye aliyetuokoa.

"Mmeona?" alisema, akijifuta jasho. "Kinajua vyeo. Waziri hakimpeleki mbali, asije akajisahau."

"Na Koplo je?" aliuliza mpimaji mmoja asiye na busara.

Kweli, hilo lilikuwa tatizo. Koplo alikuwa amerusha mbali kuliko Mtukufu. Ilibidi mkono wake upigwe plasta ili usirudie. Siku iliyofuata madaktari wakaleta pingamizi: kupiga plasta mkono usiovunjika ni udanganyifu, na taaluma yao hairuhusu udanganyifu. Serikali yetu inaheshimu taaluma. Wakauvunja.

*

Wiki ileile matrekta ya kubomolea yalipangwa, na wakazi wote wa njia ya kisahani wakaambiwa wafungashe. Bi Somoe akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaangalia dari?"

"Nafanya mazoezi."

Alikaa chini bila kukaribishwa, maana magoti yalikuwa yamemchosha. "Nimekuja kwa neno moja tu. Chumba wachukue. Nimekwisha kulia, nimenyamaza. Lakini nataka nimhamishe Mzee Chande kabla ya trekta. Nina ndugu zangu bondeni, wamenipa mahali pa kumlaza."

Nilimhurumia sana, na kwa kuwa namhurumia nilimweleza sheria polepole. "Mama, ukimhamisha kabla ya Mrusho, utakuwa umemtabiria Mtukufu kisahani kitafika wapi. Huo ni uchawi dhidi ya dola. Ukimhamisha baada ya Mrusho, utakuwa umechukua kitu kilichomo ndani ya ua. Huo ni wizi Ikulu."

"Sasa nimhamishe lini?"

"Kisahani kikiwa angani. Ila wakati huo unatakiwa kupiga makofi."

Nilisikia akivuta kanga yake mabegani. "Siwezi basi nikabaki naye? Niwe napafagia. Sitamsumbua mtu."

"Kifungu cha kulala kiko wazi, mama. Jua likishazama, hakuna aliye hai anayebaki ndani ya ua, isipokuwa Mtukufu na watu wake."

"Na Mzee Chande?"

"Yeye anabaki. Wafu wanaruhusiwa, mradi wawe wamefukiwa."

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye kiu. "Kumbe mwenzangu aliwahi nafasi." Alipofika mlangoni akageuka. "Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anakaa wapi?"

Nilimjibu kwamba sijui vizuri, kwa sababu ni huko chini.

*

Siku ya Mrusho ikafika. Matrekta yalikuwa yananguruma tangu alfajiri. Umati ulijaa nje ya seng'enge na vifurushi vichwani, huku mikono ikiachwa wazi kwa ajili ya makofi. Bi Somoe alisimama mbele kabisa, kifurushi kichwani, kanga safi begani, maana hakuna ajuaye nani atakuwa Mwenyeji wa Mwaka.

Mtukufu alitokea barazani. Wasaidizi wawili walimwekea kisahani mkononi na kumfungia vidole kwenye ukingo kimoja kimoja, kwa kuwa ukingo ulikuwa mpana na vidole vilikuwa na maoni yao. Bendi ya matarumbeta ilinyamaza. Nikainua uso.

Nitasema nilichokiona. Kisahani kilipita kwenye jicho langu kwa muda mfupi mno, nacho kilikuwa kinakwenda kushoto. Kisha bata akapiga ukelele.

Kilikuwa kimeangukia kwenye kidimbwi cha bata, pembeni mwa baraza, mahali ambapo mtu angeweza kufikisha mate bila kujitahidi. Na sheria, kama nilivyoeleza, ilikuwa imetungwa vizuri sana. Kwa mujibu wake ua wa Ikulu sasa ulikomea kwa bata. Bustani ilikuwa ya wananchi. Kambi ya walinzi ilikuwa ya wananchi. Soko, shule, wodi, vyote vilibaki mahali pake, na jiko la Bi Somoe, mafiga yake na masizi yake, lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

Halafu, kutoka mbele ya umati, kikapanda kigelegele.

Kilikuwa kirefu, chembamba, cha arusini hasa. Bi Somoe alikuwa ametupa kifurushi chini. "Jiko langu!" alisema. "Chande, baba, jiko letu limerudi! Hatwendi popote!" Na kwa kitambo kidogo, naona aibu kulisimulia, watu walitabasamu. Nadhani hata mimi. Sikujiona, nilikuwa natazama juu.

"Kimeangukia wapi?" aliuliza Mtukufu. Macho yake hayaoni mbali siku hizi, na siku hizi karibu nako ni mbali.

Waziri wa Masafa alinigeukia mimi. Umati wote ukanigeukia. Nikaukumbuka mkono wa Koplo Hinju na taaluma ya madaktari wetu. Niliogopa, na woga ukanifundisha ufasaha ambao shule haikunipa.

"Mtukufu!" nilitangaza. "Kisahani kimepita juu ya nyumba. Kimepita juu ya soko. Kimepita juu ya milima ya kaskazini, kimeufuata mpaka wa nchi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa hakikukuta huko nje ardhi inayostahili kutuliwa, kimerudi kwa adabu kutua karibu na miguu ya mwenyewe!"

"Ukingo!" alilia Dakta Kapilimba, uhai umemrudia. "Ukingo mpana huo, Mtukufu! Umeizunguka nchi! Nchi yote iko ndani ya mrusho!"

Makofi yalilipuka. Mtukufu aliinua kidole, yakakatika.

"Nani mwingine ameona?"

Hapo ndipo hekima ya Waziri ilipodhihirika. Hakusita hata kidogo. "Yule mama pale! Alipiga kigelegele kabla ya mtu yeyote. Mtukufu, nani anapiga kigelegele kwa kisahani kilichoanguka karibu? Alikiona kikirudi!"

Wakamleta. Alikuwa bado ana alama za kicheko usoni, hazikuwa zimepata habari.

"Umeona nini, mama?" Mtukufu alimuuliza kwa upole, maana ni mpole sana ukiwa karibu naye.

"Nimekiona kimeangukia kwa bata, baba."

"Kikitokea wapi?"

"Mkononi mwako."

"Ameona mwanzo wa safari na ameona mwisho wake," alisema Waziri. "Katikati alikuwa anafuta machozi ya furaha. Huo ndio ushahidi bora, Mtukufu. Shahidi anayeona kila kitu ni wa kununuliwa."

Na kwa kuwa hapakuwa na mwananchi mwingine aliyeshuhudia, Bi Somoe akatangazwa Mwenyeji wa Mwaka kwa niaba ya nchi nzima. Alishikwa mabega akapelekwa kidimbwini. Alikitoa kisahani kwenye tope, akakipangusa kwa kanga yake safi, akapiga magoti. "Karibu ndani, Mtukufu," alisema. Akaishia hapo. Alikuwa analitazama jiko.

Umati ulisubiri. Kisha umati ukaanza kuogopa, na ukamsaidia. Walisema wote kwa pamoja, kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika tangu uhuru: "Nasi tunatoka!"

*

Kesho yake seng'enge iling'olewa. Haikuhitajika tena, kwa kuwa hapakuwa na nje. Na sasa mnaelewa kwa nini kusema "nchi yetu" ni kosa. Nimeizoea tu, mtanisamehe.

Mchana wa siku ile Bi Somoe alitoka chumbani kwake akaenda jikoni kwake kwa miguu yake, bila foleni, bila kupekuliwa. Watu waliompitia wanasema alipika maharage ya nazi, akagawa kwa majirani, akala yakiwa ya moto. Alimwambia jirani kwamba labda mambo yatakuwa hivyohivyo, labda hakuna kitakachobadilika.

Jua lilipoinama, kengele ya lango ikalia, na kifungu cha kulala kikasomwa kwenye redio. Hakuna aliye hai anayebaki ndani ya ua.

Watu wakatoka. Wenzetu wa nchi jirani walikuwa wamefunga upande wao, hivyo ikabaki mto wa mpakani, ambao kwa mujibu wa mikataba si wa mtu. Wananchi hulala humo, wamesimama, maji kiunoni. Wale wa mikoa ya kati huanza safari mapema. Hufika wakati wa kugeuka. Watoto wafupi wameleta changamoto, na kamati imeshaundwa. Mimi nimepewa kibali cha kubaki, kwa kuwa anga halihamishiki.

Bi Somoe alilala mtoni siku ya kwanza. Siku ya pili kengele ililia, naye hakutoka. Walinzi walinichukua, maana hairuhusiwi kukagua eneo bila anga lake kutazamwa. Tulimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amelala chali kando ya kaburi la Mzee Chande, mkono mmoja kwenye mrehani.

"Bibi, kengele imelia," alisema mkuu wa walinzi. "Inuka, twende."

"Mimi nimekufa, wanangu. Nyie nendeni."

Walitazamana. "Mfu anaongea?" aliuliza mlinzi mdogo kuliko wote.

"Leo umemsikia," alijibu Bi Somoe.

"Bibi, huu si wakati wa mzaha. Umekufa kweli?"

"Tangu siku ya Mrusho. Niacheni na mume wangu. Mlisema wenyewe wafu wanabaki."

Mkuu wa walinzi ni mtu wa sheria, hana roho mbaya. Alifikiri. Alijua kwamba huyu ni shahidi wa taifa, na kwamba neno lake lilikwisha kupokelewa na Mtukufu mwenyewe. Kulikataa leo ni kulikataa na lile la juzi. Akabana miguu, akampigia saluti.

"Wafu wanabaki," alisema, "mradi wawe wamefukiwa." Akamtuma yule mlinzi mdogo akalete makoleo.

Makoleo yalichukua muda kupatikana. Bi Somoe angeweza kuinuka. Lango lilikuwa wazi, na mto si mbali. Alijifunika uso kwa ile kanga, ambayo bado ilikuwa na tope la bata, akatulia.

Udongo ulipoanza kumwagika nilisikia akikohoa. Nilitaka kutazama. Nasema kweli, shingo yangu yenyewe ilitaka. Lakini mimi ni Mtazama Anga wa Serikali na nimelishwa kiapo. Nikainua uso. Anga lilikuwa jeupe, halina kitu, na nikatangaza hivyo.